Kanisa la Wanaolala

6 Aprili

Shemeji,

Hujambo wewe na goti lako? Mimi sijambo, ila meno yameanza kuniaga moja moja kama wageni walioona wingu la mvua. Mwanangu mkubwa anakusalimu, mkewe anakusalimu, na wajukuu wanauliza kama bado una ile sauti ya mwenye duka anayefukuza kuku. Nimewaambia unayo. Kazini hakuna jipya. Watu siku hizi wananunua magodoro ya sponji. Wakiyalalia mwaka mmoja yanabonyea katikati kama sahani, halafu wanakuja kwangu kulalamika mgongo. Namwambia mtu, nenda kamwoneshe mgongo wako aliyekuuzia. Hapo tu ndipo ninapoifurahia kazi yangu, maana kushona kwenyewe kumekwisha. Chumba cha kazi kimejaa magodoro ya sufi ambayo wenyewe hawakurudi kuyachukua. Wengine wamehama, wengine wamefariki, na mmoja kila akiniona anavuka barabara.

Sasa nikupe lililonifanya nitafute kalamu, na unajua kwamba mimi na kalamu tuliachana mapema, siku mwalimu alipoanza kuandika herufi za kuungana.

Juzi amekuja Tai. Hujamsahau, ni yule mzee wa kanisa letu anayefunga tai hata akienda kuchota maji. Amekaa mlangoni kwangu, kakataa chai, nikajua leo kuna msiba. Ofisi ya jimbo imeandika kwamba kanisa letu litafungwa likizo ndefu ya watoto ikiisha. Sisi tuhamie kanisa kubwa la ng'ambo ya mto, na jengo lipangishwe liwe ghala la magunia. Eti kanisa lisilo na watoto ni kijiwe cha wazee. Nikahesabu vichwa. Jumapili iliyopita tulikuwa Tai, wajane wawili, fundi cherehani na mama yake, na mimi, na mimi nilikuwa nimelala. Mchungaji naye huja akipata nafasi, na akija anahubiri akitazama juu ya vichwa vyetu, kana kwamba waumini wenyewe wamechelewa na watatokea kwa nyuma.

Lakini jimbo wametuachia upenyo. Wakiona kwamba katika likizo hii watoto wanakuja, na wanajaa, watafikiri upya. Msimamizi wa jimbo atakuja mwenyewe mwishoni kutazama.

Kwa hiyo nakuomba uje. Ile wiki ya Biblia ya watoto uliyokuwa ukiifanya na dada yako kila likizo, njoo uifanye tena. Tangu alipotutoka hujakanyaga hapa, na wiki yenyewe haijafanyika. Watoto wanapita mbele ya kanisa mbio, kama wanapita kwa daktari wa meno.

Njoo. Nitakutandikia sufi, utaamka umepungua miaka, na hapo ndipo nitakapoanza kukuposa.

Shemeji yako asiye na haya.


2 Mei

Shemeji,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na nyumba yako. Goti linaendelea na mambo yake. Wapangaji wa juu wamepata mtoto mchanga, hivyo sasa jengo zima tunaamka pamoja. Binti yangu amehamishwa kikazi, na nyumba imekuwa kubwa ghafla. Waambie wajukuu sauti ninayo, na najua ni nani aliyewafundisha huo mfano wa kuku.

Habari ya kanisa imeniuma. Lakini kuja sitaweza. Kuna goti, na kuna kazi: likizo ndiyo wakati wetu wa wiki ya watoto huku pia. Mwaka huu kamati imenunua spika mpya na kuchapisha mabango. Nasi waumini wetu wamepungua, sikufichi, lakini tunatumaini.

Mwambie Tai aifanye yeye. Anaijua Biblia kuliko mimi. Nitakutumia masomo kwa posta, yaleyale tuliyotumia na dada, pamoja na picha za kupaka rangi.

Na nikuulize jambo moja, unijibu bila mzaha. Wewe umelala katika kanisa hilo tangu ulipomwoa dada yangu. Mchungaji wa zamani alikuwa anasubiri ukorome ndipo ajue amehubiri vya kutosha. Sijawahi kukusikia ukiomba kitu isipokuwa chumvi. Kanisa likifungwa, wewe linakuhusu nini?

Ni mimi shemeji yako,
Mwinjilisti


14 Juni

Shemeji,

Natumaini kichanga cha juu kimejifunza kulala, na kama bado, kilete kwangu. Utaona sababu mbele. Huku sote wazima. Mwanangu wa pili amepata kazi ya kuendesha lori, sasa anatembea nyumbani kama lori lenyewe, kila mtu ampishe. Mkwe anakusalimu.

Swali lako nimeliona. Ni swali zuri. Nimelikunja vizuri nikaliweka mahali pakavu.

Masomo yako hayajafika. Mtu wa posta ananiambia nisubiri, kwa ile sauti ya upole wanayotumia madaktari. Likizo ikaanza, na sisi hatuna hata picha moja ya kupaka rangi. Tai akazunguka nyumba kwa nyumba akakusanya watoto, namsifu kwa hilo, akawapanga mabenchini na kuanza na wale waliomzaa fulani, na fulani akamzaa fulani. Mtoto wa kwanza akaomba ruhusa ya kwenda kukojoa. Akafuata wa pili. Kabla Tai hajafika kwa Daudi, kanisa zima lilikuwa limekwenda kukojoa, na hakuna aliyerudi.

Kesho yake lori la jimbo likaja kuchukua mabenchi. Ng'ambo ya mto wamejaa, wanayahitaji. Nikamwuliza dereva kama likizo imekwisha bila mimi kujua. Akasema yeye ametumwa mabenchi, hakutumwa maneno. Shemeji, ulishawahi kuona kanisa limevuliwa nguo? Sakafuni zimebaki alama za miguu ya mabenchi, vidoa vyeupe safu kwa safu, na ukikohoa, kikohozi kinakwenda mpaka madhabahuni na kurudi kukuuliza kuna nini.

Tai akakaa chini na tai yake akasema basi tena. Ndipo nikaenda kuazima mkokoteni.

Sikuwa na mpango wowote, usije ukanisingizia hekima. Niliona tu kwamba saruji ni baridi na watoto wanahitaji mahali pa kuweka makalio. Nikabeba magodoro yale yasiyo na wenyewe, nikayatandika kutoka mlangoni mpaka kwenye ngazi ya mimbari. Watoto walipoona mkokoteni wa magodoro unaingia kanisani, hawakuhitaji kukusanywa. Wakarukaruka. Na sufi ya zamani unaijua, mshono ukiwa umechoka inatoka yenyewe. Ikapanda hewani, nyepesi, ikakutana na mwanga wa yale madirisha ya upande wa magharibi, ikakataa kushuka. Watoto wakalala chali ili waitazame. Hakuna aliyewaambia.

Mimi nikakaa ukingoni mwa godoro nikawapa hadithi ya Yona, maana ndiyo pekee niliyokuwa nayo kichwani. Dada yako alikuwa akiisimulia kwa kelele kiasi kwamba hata mimi niliamka. Nikawaambia Yona alimezwa na samaki, akakuta humo ndani pana joto na giza zuri, akachoka na mambo ya watu, akajinyoosha akalala. Niliwaelezea alivyolala. Hapo, shemeji, ndipo ilipo taaluma yangu. Nikasema samaki anashuka, anashuka, maji yanakuwa kijani, yanakuwa meusi, na ubavu wa samaki unapanda na kushuka. Niliona kimya kimezidi, nikadhani wamekasirika. Kumbe wamelala wote.

Ni watoto wa akina mama wa kiwandani na sokoni, wanaamshwa alfajiri mama anapotoka. Wamebeba usingizi siku nzima kama mzigo wa mtu mwingine. Nikakaa katikati yao nisijue la kufanya. Wanavuta pumzi, wanaachia. Mapazia yanavuta, yanaachia. Nilijiona kama mimi ndiye niliyemezwa.

Walipoamka kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja aliniambia samaki ana baraza, na pale barazani kuna mtu anamenya machungwa. Kesho yake walileta wenzao.

Kwa hiyo wiki ya watoto inaendelea. Tuma masomo, au usitume.

Shemeji yako, sasa mwalimu.


27 Juni

Shemeji,

Nakusalimu. Binti yangu alipiga simu, yu mzima, anapika mwenyewe na anaungua mwenyewe. Goti silitaji leo.

Barua yako nimeisoma nikaketi. Nyumba ya Mungu si bweni. Watu wamejenga kanisa hilo kwa mikono yao, na dada yangu alilipiga deki kila Jumamosi, ili leo litandikwe magodoro ya watu ambao hatujui hata walikuwa na kunguni au la?

Pili, Yona hakulala ndani ya samaki. Ndani ya samaki aliomba. Alilala kabla ya hapo, ndani ya jahazi, chini kabisa, wakati bahari imechafuka na mabaharia wanatupa mizigo majini, mpaka nahodha akashuka kumwamsha akimshangaa. Tofauti ni kubwa sana. Tafadhali uwarekebishe.

Niliishia hapo, nikaenda kuweka maji ya chai. Maji yakachemka mpaka yakakauka, maana nilikuwa nimesimama pale jikoni nawaza walalaji wengine. Sijawahi kuwapanga pamoja. Yakobo alilala nje na jiwe kichwani akaona ngazi. Samweli alikuwa mtoto, na alilala hekaluni kwenyewe. Hilo nakubali halinisaidii. Eliya alilala amekata tamaa ya kuishi, na malaika hakumgombeza, alimwamsha ale, akamwacha alale tena. Petro alilala gerezani kati ya askari. Na Yesu mwenyewe alilala kwenye mashua katika dhoruba, na imeandikwa kwamba alikuwa na mto wa kulalia kichwa. Wewe utapenda hapo. Yuko pia kijana Eutiko, aliyesinzia dirishani Paulo akihubiri, akaanguka kutoka ghorofani akafa, akafufuliwa. Huyo usiwaambie.

Wiki yetu ya watoto imekwisha. Siku ya kwanza walikuja kwa ajili ya maputo. Siku ya pili walikuwa watatu. Kamati ilisema spika imeshanunuliwa itumike, kwa hiyo nilifundisha watoto watatu kwa spika inayosikika mpaka kituo cha mabasi. Mmoja aliziba masikio kwa adabu, mkono mmoja mmoja, akidhani simwoni.

Lile dirisha la karibu na mimbari bado linakwama? Dada alikuwa akilifungua kwa bega.

Hujanijibu swali langu.

Mwinjilisti


9 Julai

Shemeji,

Salamu zako nimezigawa, hakuna aliyekosa. Mjukuu wa mwisho ameota jino siku ileile lilipong'oka la kwangu, tumeonana kama watu wanaopishana mlangoni. Hapo pa kunguni umenitukana kikazi, nitakushtaki kwa dada yako. Kila godoro nililianika na kulipiga fimbo mpaka likakiri.

Marekebisho yako yalichelewa. Nilikuwa nimeshamlaza Yona ndani ya samaki zaidi ya mara moja, kwa matakwa ya umma. Nilipowaambia kwamba mwinjilisti mkubwa ameandika kuwa Yona alilala kwenye jahazi, kuna binti hapa tunamwita Maswali, alikaa kitako akasema basi alilala mara mbili, maana mtu akishaamshwa vibaya mara ya kwanza hulala tena akipata nafasi. Nikamwambia nitakuandikia. Nimeandika.

Samweli wamempenda. Walicheka alivyokuwa akimkimbilia yule mzee kila akisikia jina lake, na mzee anamwambia sikukuita, kalale. Sasa wakisinzia, mmoja hunong'ona jina la mwenzake kutoka godoro la mbali, na anayeitwa huja kunitikisa mimi. Ule mto wa Yesu nilishona mfano wake, nikauleta. Wanapokezana. Eutiko nimewaambia siku hiyohiyo barua yako ilipofika, na wanamtaka kila siku. Usinikunjie uso, ndiye ndugu yangu pekee katika Biblia nzima.

Wamejaa, shemeji. Sitakutajia wangapi, sijui, hawakai wima nikawahesabu. Mama zao walikuja kwanza kuchungulia, maana habari za babu anayewalaza watoto kanisani zina walakini kidogo. Mfuaji nguo alisimama mlangoni na beseni, akasikiliza Eliya alivyoambiwa inuka ule. Akaweka beseni chini, akaketi, halafu akawa amelala. Sasa wako wengine wanapitia wakitoka zamu. Hata Jumapili wanakuja na watoto, wanaimba wima, kisha mahubiri yakianza wanakaa, na ukikaa kwenye sufi hujui itaishia wapi. Tai alikuja kuandika barua ya malalamiko kwa jimbo. Niliikuta kalamu sakafuni na yeye amelala ubavu, tai imehamia mgongoni.

Msimamizi anakuja mwisho wa mwezi. Akisema hapana, magunia yanaingia juma linalofuata.

Dirisha, ndiyo, linakwama. Nalifungua kwa bega. La kwangu ni dogo, nachukua muda.

Haya, swali lako. Sitafanya mzaha, kwa hiyo litakuwa fupi.

Nyumbani simwoti. Nalala kitanda chetu kilekile, na hakuna kitu. Lakini pale kanisani, kichwa changu kikianguka tu kifuani, namsikia. Simwoni. Ni sauti, ile yake ya alasiri, anafundisha watoto, na watoto wanacheka mahali fulani nyuma yake, kama upande wa pili wa pazia. Mara nyingine anaacha kufundisha anaanza kuniambia mimi jambo. Ndicho nilichokuwa nakwenda kufanya kule Jumapili, wakati Tai anadhani namdharau mchungaji. Wakiweka magunia, nitakwenda wapi?

Na kichekesho chenyewe ni hiki. Tangu watoto waje, sijalala pale hata kidogo. Wakilala wao, lazima mtu mzima mmoja awe macho. Kuna anayeamka analia, kuna anayetembea usingizini kuelekea ngazi za mimbari. Nawalinda. Nasikiliza wao wanavyopumua, na yeye simsikii tena.

Shemeji yako.


18 Julai

Shemeji,

Nimesoma. Sina salamu ndefu leo, utanisamehe, wote ni wazima.

Mimi sijawahi kumwota. Hata mara moja, tangu tulipomzika. Naombea watu, nafundisha, nafunga, na nikilala ni kama mtu amezima taa. Goti halina shida kubwa ya kunizuia kupanda basi. Niliogopa kuja kuketi ndani ya kanisa lile nisisikie chochote hata humo. Sasa naambiwa kwamba anasema, na anayemsikia ni wewe.

Akianza kukuambia lile jambo, ananitaja?

Kuhusu msimamizi, nisikilize, huyu namjua, tumewahi kuwa kamati moja. Si mtu mbaya, lakini anaamini anachosikia kwa masikio. Anataka mtoto asimame, aseme mstari wa Biblia kwa moyo, aimbe. Akiwakuta wamelala ataandika kwamba amekuta watoto wamelala. Fundisha mistari mitatu tu. Siku hiyo wasilale, na wakilala, waamshe kabla gari halijasimama. Nakusihi. Usilipoteze kanisa la dada yangu kwa ukaidi wako.

Mwinjilisti


30 Julai

Shemeji,

Hapa tu wazima, na Tai anakusalimu kwa mkono wake mwenyewe, anasema niandike hivyo.

Barua yako ilifika siku moja kabla ya msimamizi. Nilikuwa nayo mfukoni na nilikusudia kukutii. Asubuhi Maswali na wenzake walisema mistari mitatu bila kukwama, kwa sauti ambayo ungeipenda, kuku wote wangekimbia. Msimamizi alitazamiwa asubuhi. Hakuja. Saa sita hakuja. Tai akasimama njiani mpaka kivuli chake kikamwingia miguuni. Baada ya chakula jua likaingia kwa yale madirisha, sufi ikapanda, na mmoja akaniuliza kama wanaweza kumsikia Eliya kidogo tu wakisubiri. Nikasema kidogo tu.

Gari liliposimama hakuna aliyekuwa macho isipokuwa mimi.

Tai akaja mbio kwa ncha za vidole. "Fundi, waamshe. Nakusihi, waamshe sasa hivi, ni mistari mitatu tu."

Nikainama kwa wa kwanza, mtoto wa mfuaji nguo. Mkono ulikuwa umeshafika begani kwake. Alikuwa amefungua mdomo kidogo na nyusi zimepanda, na kichwa amekigeuza upande, si kama mtu anayeota mchezo, kama mtu anayeambiwa kitu na hataki kimpite. Shemeji, uso ule kwangu mwenyewe sijawahi kuuona, lakini niliujua. Nikaurudisha mkono.

Msimamizi akawa ameingia. Mrefu, koti jeusi, viatu vinang'aa. Akatazama kutoka mlangoni mpaka mimbari, akauliza kwa upole hawa ndio watoto wa wiki ya Biblia. Nikasema ndio. Akasema ni vizuri, basi waamke tuwasikie, na akainua mikono apige makofi.

Nikamshika mikono. Mimi, niliyeishia darasa la nne, nimemshika msimamizi wa jimbo mikono miwili kama tunacheza. Tai akafumba macho.

"Mzee," akasema, "nimetoka mbali kuwasikia."

"Wasikilize basi," nikamwambia. "Ila usiwaamshe. Mimi nimeshaamshwa katikati ya neno, mheshimiwa. Mwisho wake sijaupata mpaka leo."

Msimamizi akashusha mikono. Hakuwa na mahali pa kukanyaga, sakafu yote ni magodoro, kwa hiyo akavua viatu, akapita kati yao kwa soksi akiwa amenyanyua koti kama mama anavuka dimbwi, akaketi kwenye ngazi ya mimbari karibu yangu. Ungependa nikuambie kwamba naye alilala. Hakulala. Alikaa macho pamoja nami. Sufi ikamtua mabegani na hakuipangusa. Kuna mtoto alilia usingizini, akainuka yeye kabla yangu, akamgeuza ubavu kwa namna ambayo nikajua ana wake nyumbani, au aliwahi kuwa naye.

Walipoanza kuamka mmoja mmoja, msimamizi alimwuliza Maswali amejifunza nini hapa. Mistari yote mitatu ilikuwa imeyeyuka. Binti akajikuna kichwa.

"Kwamba ukilala, kuna mtu yuko macho."

"Nani?"

"Leo ni babu," akasema. "Na wewe."

Msimamizi akavaa viatu vyake mlangoni, akaondoka. Jibu limekuja jana, Tai amelisoma amesimama. Ibada za Jumapili zinahamia ng'ambo ya mto, hilo halikubadilika. Mabenchi hayarudi. Lakini magunia hayaji. Jengo limeachwa kwa watoto, alasiri zote, likizo iwepo isiwepo, na ufunguo nimepewa mimi, muumini mbovu kuliko wote jimboni. Tai amelia kidogo, halafu ameuliza kama akitoka ibadani ng'ambo anaweza kupitia hapa kujinyoosha.

Kwa hiyo nimelipata kanisa, shemeji, na nimelikosa. Kila alasiri nafungua, natandika, nasimulia, wanalala, na mimi nakaa macho mpaka jioni. Siku ya ghala nilikuwa nimeiogopa kwa sababu nisingeweza tena kulala pale. Sasa mlango uko wazi na bado siwezi. Silalamiki, nakueleza tu ilivyo.

Umeuliza kama anakutaja. Sijui. Siwezi kukudanganya kwa hili. Kila alipoanza kuniambia lile jambo, kuna mtu alinigusa kiwiko, au kwaya ilisimama, au sahani ya sadaka ilinifikia. Sijawahi kufika mwisho.

Njoo. Sikuombi tena uje kufundisha, masomo tunayo, hata kama tumeyakosea. Nakuomba uje ukae macho. Alasiri moja tu, wewe uwe pale ngazini unawatazama wao, na mimi nijinyooshe kwenye godoro la mwisho karibu na ukuta.

Shemeji yako.


8 Agosti

Shemeji,

Nimekata tiketi. Nafika Jumatano kabla ya mchana. Usije stendi, baki na watoto, njia naijua.

Nitakaa ngazini. Atakayelia nitamgeuza ubavu, atakayetembea nitamrudisha, na Tai akija na habari zozote za jimbo nitamkalisha nje. Hakuna atakayekugusa kiwiko. Ulale mpaka jua litoke madirishani ukitaka, ulale mpaka giza.

Na ukiamka, kabla hujafungua mdomo kuniletea upuuzi wako, niambie alichosema.

Mwinjilisti